Baba Anafunga Baa ya Korongo

Jumanne, 1 Oktoba

Leo baba amefunga baa saa kumi na mbili na nusu jioni.

Baa si yake. Ilikuwa yake zamani, na mimi na kaka yangu tulikulia ghorofani humo humo, juu ya kelele na moshi. Siku hizi mwenye leseni ni Trudy, ambaye baba alimwajiri akiwa msichana wa kuosha glasi. Lakini giza likianza tu kuingia kwenye madirisha ya Korongo, baba huinuka kwenye kiti chake karibu na ubao wa vishale, hupita nyuma ya kaunta, hugonga kengele na kupaza sauti ile ile niliyoisikia kila usiku nikiwa kitandani: "Muda umekwisha, mabibi na mabwana! Malizeni vinywaji! Kwani nyie hamna makwenu?"

Na watu hutoka. Wote, pamoja na Trudy. Huvaa makoti, huficha glasi ndani ya makoti, na kwenda kujipanga nyuma ya ukuta wa mapipa ya taka. Mimi humvalisha baba koti, tukaondoka taratibu mpaka tupite kona ya duka la chipsi. Hapo ndipo wanaporudi ndani kuendelea na jioni yao.

Agosti, nilipoliona jambo hili mara ya kwanza, nililia kwa shukrani. Sasa naangalia tu kama kuna mvua.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua. Baba kavaa tai mbili.

Jumapili, 6 Oktoba

Trudy alijaribu mara moja kumwambia ukweli. Ilikuwa mwezi wa sita, kabla sijaja. Alimwambia, "Clem, mzee wangu, umestaafu. Korongo ni yangu sasa." Baba akamwangalia kama anayemwangalia mwizi, akaanza kutetemeka, na hakuacha mpaka gari la wagonjwa lilipokuja. Tangu hapo wakakubaliana kumwachia afunge. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mtaa mzima wa Thornwick sasa unayaoga.

Kiongozi wa msafara wa kutoka ni Stamper, dereva wa basi mstaafu mwenye mdomo usiokaa kimya na kijibwa kiitwacho Biskuti. Leo kengele ilipolia Dougie alikuwa ndiyo kwanza ameletewa bia.

"Haya, jamani, Bosi kasema!" Stamper akanguruma. "Abiria wote washuke!"

"We Stamper, hii sijaigusa hata kwa mdomo."

"Utaigusa nje. Mvua itakuongezea."

Dougie alicheka, akanyanyuka kwa kushikilia meza. Ni mzee wa karibu miaka themanini, alikuwa fundi wa majokofu bandarini. Mkewe, Jean, ni mgonjwa wa kitandani kwa miaka sasa. Dougie huja Korongo kwa ile saa moja tu ambayo muuguzi huwa nyumbani kwake, na leo nusu ya saa hiyo ameimalizia kwenye mapipa. Niliona aibu, nikamwambia pole. "Usijali, binti," akasema. "Nje kuna hewa."

Jumamosi, 12 Oktoba

Wamepiga simu kutoka nyumba ya wazee. Kuna chumba. Kinapakwa rangi na kitakuwa tayari mwisho wa Novemba. Wanataka jibu.

Nikampigia Moira, bosi wangu kule Edinburgh. Ninatunza mimea ya nchi za joto kwenye nyumba ya kioo ya bustani ya mji, na nimeomba likizo mara mbili. Moira ni mtu mwema lakini hana maneno ya kuzunguka: "Gaynor, Desemba urudi, au nimtafute mtu mwingine. Ile migomba yako inakufa." Basi mambo yamekaa hivi. Baba akiingia kwenye chumba kile, nina kazi, nina kwangu, nina maisha. Asipoingia, nina kitanda changu cha utotoni chenye vibandiko vya farasi.

Kaka yangu Russell alijibu kutoka Australia kwamba ananiamini kabisa. Kuamini ni rahisi ukiwa Australia.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimewaambia watu wa Korongo. Nilidhani watanipa pole.

"Utamwua," Stamper akasema. "Wale huwaketisha wazee mbele ya televisheni kama vyungu vya maua. Bosi anaishi kwa sababu ya hii baa."

"Tupo, Gaynor," wakasema wengine. "Kwani uko peke yako? Sisi tutamtunza."

Trudy alifuta kaunta ambayo haikuwa chafu. Dougie alikuwa ameshakwenda kwa Jean.

Wema wao ni wa kweli, silikatai hilo. Lakini wao wanamtunza mchana, amekaa, amenyoa, ana glasi ya soda ya tangawizi mkononi. Mimi ndiye ninayemfuata barabarani usiku na shuka la kumfunika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilirudi nyumbani na hasira, nikamkaripia baba kwa sababu ya sabuni.

Jumanne, 22 Oktoba

Saa kumi na mbili kasoro. Ukungu. Amefunga.

Jumapili, 27 Oktoba

Usiku wa kuamkia leo saa zote nchini zimerudishwa nyuma kwa saa moja, kama kila mwaka baridi ikikaribia. Kila mtu amepata saa moja zaidi ya kulala. Mimi nimeipoteza.

Sikuwa nimewaza hili hata kidogo. Baba hasomi saa tena, anasoma dirisha. Jana alifunga saa kumi na mbili kasoro. Leo giza limeingia saa kumi na moja kasoro, na baa ilikuwa imejaa watu wa mpira, mechi ikiwa kwenye penalti. Kengele ikalia.

"Aa, si sasa!" akapiga kelele kijana mmoja asiyetujua.

Stamper akamshika bega. "Mwanangu, ukitaka kuendelea kunywa hapa, vaa koti."

Wakatoka, watu arobaini hivi, wakajibana dirishani kwa nje wakitazama penalti kupitia kioo, huku baba akiwapungia mkono waende. Yule mchezaji alikosa. Nilisikia lawama ikipita nje kama upepo, na sijui ilikuwa ya mchezaji au yetu.

Trudy alinitazama. Nikahesabu kichwani, na nadhani naye alikuwa anahesabu: giza litazidi kuwahi, na bado Novemba. Bado Desemba.

Ijumaa, 1 Novemba

Saa kumi na moja kasoro robo. Wafanyakazi wa kiwandani walikuwa ndiyo wanafika. Wamegeuka, wamekwenda baa nyingine.

Jumatatu, 4 Novemba

Stamper amekuja na akili mpya: tuvute mapazia mapema na kuwasha taa zote, baba asilione giza. Trudy akavuta. Baba aliinua kichwa, akayaona, akasimama wima.

"Nani kavuta mapazia?"

"Mimi, Bosi," Trudy akasema. "Kuna baridi."

"Baridi gani! Polisi akipita na kuona mapazia yamevutwa, atajua tunauza baada ya saa ya kufunga. Nitanyang'anywa leseni!" Akagonga kengele papo hapo. Ilikuwa saa tisa mchana, jua linawaka.

Watu walitoka wakiwa wamekunja uso. Mimi nilicheka mpaka nikaegemea mapipa, na nilipoacha kucheka sikujisikia vizuri.

Jumamosi, 9 Novemba

Mama mmoja sokoni amenishika mkono na kuniita malaika. "Mtaa wote unakusifu," akasema. Naanza kuelewa kwa nini malaika huchorwa wametazama juu. Wanatafuta mlango.

Kila ninayekutana naye ananishukuru kwa jambo ambalo sijakubali kulifanya. Ukishashukuriwa utasemaje? Wahenga walisema tenda wema uende zako. Sehemu ya kwanza naitenda kila siku. Ya pili ndiyo inayonishinda.

Jumanne, 12 Novemba

Watu wa nyumba ya wazee wamepiga tena. Nimesema bado nafikiri. Uongo. Sifikiri, naogopa Stamper. Mwanamke wa miaka hamsini na nne naogopa dereva wa basi na kijibwa.

Alhamisi, 14 Novemba

Saa kumi na robo. Upepo umeng'oa bati la mapipa.

Jumapili, 17 Novemba

Jean wa Dougie amefariki alfajiri. Baba, nilipomwambia, alivua kofia. Kisha akaniuliza Jean ni nani.

Ijumaa, 22 Novemba

Theluji nyepesi. Sikumpeleka Korongo leo, kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Nilitaka Trudy apate mchana mmoja kamili wa kuuza vinywaji vyake. Giza lilipoingia baba alisimama sebuleni akatafuta kengele. Alifungua makabati. Alinitoa mimi nje ya nyumba yangu, yaani yake, na nikakaa kwenye ngazi nikiwa na soksi mpaka alipokwenda chooni. Jirani aliniona. Alinipungia mkono na kutabasamu, kwa kuwa mimi ni malaika.

Nilimchukia baba kwa muda. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, 28 Novemba

Leo tumemzika Jean, na baada ya maziko chai ilikuwa Korongo, kama mtaa huu ulivyozoea. Trudy alipanga meza ndefu: sandwichi za nyama ya paja, pai, vitunguu vya siki, keki aliyooka mwenyewe. Mchana ulikuwa mweusi tangu asubuhi na mvua ya barafu ilikuwa ikipiga vioo. Nilikuwa nimeamua nisije na baba, lakini Dougie mwenyewe alinipigia simu. "Mlete," alisema. "Jean alimpenda. Clem ndiye aliyetupa sherehe ya arusi, chumba cha juu, bure."

Nikamleta. Nilimketisha akiwa ameligeuzia dirisha mgongo, nikakaa kando yake roho mkononi. Dougie alikuwa mezani katikati, suti imempwaya, glasi mbele yake. Watu walikuwa wanamweleza habari za Jean alipokuwa mfungashaji wa samaki kiwandani na jinsi alivyowahi kumtupia msimamizi kichwa cha chewa. Dougie alicheka. Nadhani kilikuwa kicheko chake cha kwanza wiki hiyo. Ilikuwa saa kumi kasoro.

Baba akageuka akaliona dirisha.

Nilimshika mkono. "Baba, bado mapema." Akautoa mkono wake taratibu, kwa adabu kabisa, kama mtu anavyouondoa mkono wa mlevi. Akapita nyuma ya kaunta, akagonga kengele.

"Muda umekwisha, mabibi na mabwana! Malizeni vinywaji! Kwani nyie hamna makwenu?"

Hakuna aliyesogea. Wote walimtazama Dougie. Stamper akainuka nusu, akaketi, akainuka tena. "Haya, jamani," akasema, lakini sauti haikuwa yake. "Bosi kasema." Na hapo, Mungu anisamehe, wakaanza kutoka. Madada wa Jean, wajukuu, wanawake wenye sahani mkononi, wote na nguo zao nyeusi, wakaingia kwenye mvua ya barafu kwa sababu mzee mmoja aliona giza. Nilitamani ardhi inimeze.

Dougie alibaki amekaa.

"Bwana," baba akamwambia, "muda umekwisha."

"Nimekusikia, Clem. Leo sitoki."

Hilo halikuwahi kutokea. Nilisogea, tayari kwa lile tetemeko. Baba alimtazama Dougie kwa muda: tai nyeusi, mikono, glasi. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe, mama, toka nje na wenzako." Nilisita. Akanisindikiza mpaka mlangoni, mkono mgongoni mwangu, akanitoa. Nikasikia komeo likiingia.

Basi tukawa nje sote, na baba ndani na mfiwa. Tulijibana chini ya paa la mlangoni. Biskuti alikuwa ndani ya koti la Stamper, kichwa tu kinaonekana. Kisha Trudy akaanza kulia.

"Nimechoka," akasema. "Gaynor, nisamehe, nimechoka. Wateja wananikimbia. Kila siku naomba uje useme unampeleka. Kila siku unakuja naye."

"Lakini nyie ndio mliosema nisimpeleke!"

"Mimi sikusema. Alisema Stamper."

"Nilisema kwa kuwa nilidhani Gaynor anataka tumzuie," Stamper akasema. "Nilidhani anatafuta sababu. Binti gani anayetaka kumpeleka babake kule?"

"Mimi," nikasema. "Mimi ninataka."

Nilisema kwa sauti kubwa, mbele ya madada wa marehemu. Mmoja wao akaniwekea sandwichi mkononi, sijui kwa nini, na nikaila.

Hatukukaa sana. Komeo likafunguka, Dougie akasimama mlangoni, na nyuma yake nikamwona baba akifuta kaunta kwa utulivu.

"Kafanya nini?" Trudy akauliza.

"Amenimiminia kidogo ya ile kali. Akavuta mapazia, yeye mwenyewe. Akaketi nami. Kisha akaniuliza, 'Mkeo anakungoja?' Nikamwambia hapana, hanisubiri tena. Akasema, 'Basi kaa.'" Dougie alipangusa uso wote kwa kiganja. Halafu akanitazama mimi. "Binti, mpeleke."

"Dougie..." Stamper akaanza.

"Nyamaza, Stamper. Wewe unamtunza mbwa tu. Mimi nimekaa na Jean miaka minane, na kila mtu hapa alinipongeza, na kila pongezi ilikuwa msumari. Nilimpenda. Na kuna siku nilisimama jikoni nikaomba afe ili nilale. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia, 'Dougie, inatosha.' Mngeniambia mara moja tu! Basi mimi namwambia huyu. Gaynor, inatosha. Umesikia? Inatosha."

Nilimkumbatia pale mlangoni na nikalia kama mtoto, na mvua ikatuloanisha wote wawili. Stamper alikuwa amegeukia ukuta. Baadaye alikuja na kunishika kiwiko. "Nitawapeleka," akasema. "Siku ukitaka. Gari langu lina joto."

Ijumaa, 29 Novemba

Nimepiga simu. Chumba bado kipo. Rangi imekauka.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimeshona jina la baba kwenye soksi zake, zisije zikapotea kule.

Jumatatu, 2 Desemba

Naandika kwenye treni, mwandiko huu nisamehewe.

Stamper alitupeleka bila mzaha hata mmoja. Aliegesha gari, akamshika baba mkono muda mrefu, akasema, "Bosi," na akarudi kuketi nyuma ya usukani. Mimi nikaingia na baba. Chumba ni kizuri, kinatazama mti na ukuta. Walitupeleka ukumbini, ambako kulikuwa na wazee wengi kwenye viti vilivyozunguka ukuta, na kweli televisheni ilikuwa inawaka. Nikaletewa chai. Nilikuwa nimepanga kuondoka mapema, lakini kila nikiinuka baba aliniangalia, nami nikaketi tena. Nilikunywa chai polepole sana. Nilikuwa tayari nimeanza kutunga maneno ya kumwambia Moira kwamba sirudi.

Na dirisha likaanza kuwa jeusi.

Baba akasimama. Hakukuwa na kengele, akagonga kijiko kwenye kikombe. "Muda umekwisha, mabibi na mabwana! Malizeni vinywaji!"

Hakuna aliyeinuka. Mzee mmoja alikuwa amelala. Nilifumba macho nikingoja tetemeko, nikijua kwamba litakuja, kwamba nitamchukua nyumbani leo leo na mambo yatakuwa yameisha.

"Nimesema muda umekwisha," baba akarudia. Sauti ilianza kuyumba.

Bibi mmoja mwenye shali ya njano akainua uso kutoka kwenye kufuma kwake. "Sisi hatuendi popote, baba. Sisi tunalala hapa."

"Mnalala hapa?"

"Wote. Mimi niko chumba kile pale."

Niliona mabega ya baba yakishuka. Uso wake ukafunguka. "Ah. Wageni wa kulala," akasema. "Kwa nini hamkusema? Mgeni wa kulala anaruhusiwa. Ndiyo sheria, anakunywa mpaka atakapo. Wapita njia tu ndio wanaotakiwa kutoka." Akawazungukia mmoja mmoja, akiwauliza, "Unalala hapa? Na wewe? Vizuri, kaa, kaa." Akafika kwangu.

"Na wewe, mama? Unalala hapa?"

Wote walikuwa wananitazama. Maneno yalikuwa mdomoni: ndiyo, nalala.

"Hapana," nikasema. "Mimi silali hapa."

"Basi siwezi kukuacha ukae, unajua mwenyewe. Ni leseni yangu." Akakichukua kikombe changu, chai ikiwa nusu, akakiweka dirishani. Akaniletea koti na kunishikilia nikaingiza mikono. Akanifungulia mlango wa ukumbi.

"Angalia unapokanyaga," akasema. "Nje kuna barafu."

"Asante," nikasema. "Usiku mwema, baba."

"Usiku mwema," akajibu, na akafunga. Nikasimama kidogo upande huu wa mlango. Nikamsikia akimuuliza yule bibi wa shali ya njano anakunywa nini.